Ushindi na Haki ya Kutawala: Mapigano ya Cunaxa, 401 KK

Mwaka 401 KK, katika uwanda wa kando ya Mto Frati kaskazini mwa Babeli, ndugu wawili wa tumbo moja walipigania kiti cha enzi cha Uajemi. Mkubwa, Artaxerxes II, alikuwa ametawala kwa takriban miaka mitatu. Mdogo, Cyrus, alikuwa ametoka magharibi ya Asia Ndogo na jeshi lake ili amng'oe. Mapigano hayo huitwa ya Cunaxa, jina la mahali lililohifadhiwa na Plutarch. Yaliamuliwa kwa siku moja: Cyrus aliuawa, Artaxerxes akabaki mfalme. Swali yaliloliacha halikuamuliwa kwa urahisi huo. Anayeshinda vita vya kugombea urithi amethibitisha kwamba alistahili kutawala, au amethibitisha tu kwamba ameshinda?

Swali hili linaweza kuchunguzwa vizuri katika kisa cha Cunaxa kwa sababu ushahidi umetoka pande zote mbili. Xenophon wa Athene alikuwa katika msafara wa Cyrus na aliuandika katika kitabu chake Anabasis. Ctesias, tabibu Mgiriki, alikuwa upande wa pili akimtibu mfalme, na simulizi yake imefika kupitia waandishi wa baadaye, hasa Plutarch. Wafalme wa Uajemi wenyewe waliacha maandishi ya mawe yanayoeleza waliuonaje ufalme wao na Mungu aliyewapa. Ndani ya ushahidi huu mna hoja nne za haki ya kutawala: kuzaliwa, ubora wa mtu, ridhaa ya mbingu na nguvu ya silaha.

Hoja ya kuzaliwa

Ukoo wa Achaemenid, uliotawala Uajemi tangu karne ya sita KK, haukuacha sheria ya maandishi kuhusu urithi. Desturi ilikuwa mfalme kumtaja mrithi wake, na mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasema alitakiwa kufanya hivyo kabla ya kwenda vitani. Kifungua mimba alikuwa na nafasi ya mbele, lakini nafasi hiyo haikuwa kinga. Darius I alikuwa na wana aliowazaa kabla ya kuwa mfalme, mkubwa wao akiwa Artobazanes. Aliyemrithi ni Xerxes, mwana wa Atossa, binti wa Cyrus Mkuu, yule ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanamjua kama Koreshi. Hoja iliyotumika, kwa mujibu wa Herodotus, ni kwamba Artobazanes alizaliwa na raia na Xerxes alizaliwa na mfalme. Herodotus anaongeza kwamba Xerxes angepata ufalme hata bila hoja hiyo, kwa kuwa mamlaka yote yalikuwa mikononi mwa Atossa.

Xerxes mwenyewe, katika maandishi yaliyopatikana Persepolis, anakiri kwamba Darius alikuwa na wana wengine, kisha anaeleza kwamba ilikuwa mapenzi ya Ahuramazda, Mungu wa Waajemi, kwamba baba yake amteue yeye. Utaratibu wa kuzaliwa unapokatizwa, uteuzi wa baba hutajwa, na nyuma ya uteuzi wa baba hutajwa Mungu.

Miongo minane baadaye, Parysatis, mke wa Darius II, aliifufua hoja ya kuzaliwa na mfalme. Mwanawe mkubwa alizaliwa kabla ya baba yake kutawala. Cyrus alizaliwa baada ya hapo. Parysatis alimpenda zaidi Cyrus na hakulificha jambo hilo. Safari hii hoja ile ile haikushinda. Darius II alipofariki mwaka 404 KK, mkubwa ndiye aliyetawazwa, akachukua jina la Artaxerxes.

Kushindwa kwa hoja hiyo kunaonyesha udhaifu wa kutegemea nasaba peke yake. Kanuni iliyomfaa Xerxes haikumfaa Cyrus, ingawa hali zao zilifanana sana. Zaidi ya hayo, baba wa Cyrus na Artaxerxes hakuupata ufalme kwa utaratibu wa kuzaliwa. Darius II alikuwa mwana wa suria wa Kibabeli. Xerxes II, mrithi halali, aliuawa baada ya siku 45 tu, na muuaji wake Sogdianus akaangushwa na Darius baada ya miezi michache. Damu ya kifalme iliwapa wengi ruhusa ya kudai. Haikuwa na uwezo wa kusema ni nani kati yao aliyepaswa kupewa.

Hoja ya ubora

Cyrus hakutegemea kuzaliwa pekee. Akiwa bado kijana alitumwa magharibi, karibu mwaka 407 KK, kuwa liwali wa Lydia, Phrygia Kubwa na Cappadocia na kuwa jemadari wa majeshi ya eneo hilo. Huko aliisaidia Sparta kwa fedha hadi ikaishinda Athene katika vita vya Peloponnesos. Plutarch anasimulia kwamba alipowaomba Wasparta askari, alijisifu kuwa na moyo mzito kuliko wa kaka yake, kuijua zaidi elimu ya Mamajusi na kumudu zaidi divai. Kaka yake, alidai, hakuweza kukaa juu ya farasi wakati wa mawindo wala juu ya kiti cha enzi wakati wa hatari.

Xenophon anaiunga mkono picha hiyo. Katika wasifu alioandika baada ya kusimulia kifo chake, anamtaja Cyrus kuwa ndiye aliyekuwa na hulka ya kifalme na aliyestahili kutawala kuliko Waajemi wote waliotokea baada ya Cyrus Mkuu. Anasifu ukarimu wake, uaminifu wake katika ahadi na jinsi alivyowalipa watu kadiri ya matendo yao, wema kwa wema na ubaya kwa ubaya.

Hoja ya ubora ina mvuto wa kifalsafa ambao hoja ya nasaba haina. Plato, katika kitabu cha tatu cha Sheria, analaumu malezi ya wana wa wafalme wa Uajemi: walikua ndani ya jumba, mikononi mwa wanawake na matowashi, bila mtu wa kuwazuia kitu. Kwa mtazamo huo, mtawala hutengenezwa na malezi, na kuzaliwa katika jumba la kifalme kunaweza hata kumharibu.

Hata hivyo ubora unahitaji mwamuzi. Katika mgogoro huu waamuzi wa Cyrus walikuwa Cyrus mwenyewe, mama yake na watu waliokula mkate wake. Ukarimu uliosifiwa ulitoka katika mapato ya majimbo aliyokabidhiwa na familia yake, nao ulimjengea watu waliomtumikia yeye kabla ya kumtumikia mfalme. Kanuni ikiwa kwamba anayejiona bora ana haki ya kumwondoa aliyepo, kila liwali mwenye kipaji na fedha angekuwa na sababu ya vita. Ubora unaweza kueleza kwa nini mtu angetawala vizuri. Hautoshi kumruhusu ajitawaze.

Hoja ya mbingu

Kwa Waajemi, ufalme ulikuwa jambo la dini. Andiko kubwa zaidi la imani hiyo limechongwa katika mwamba wa Bisitun, magharibi mwa Iran, kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Humo Darius I anaeleza jinsi alivyopata ufalme mwaka 522 KK baada ya kumuua Gaumata, Majusi anayedaiwa kujifanya Bardiya, mwana wa Cyrus Mkuu. Anasimulia kwamba alipigana mara 19 na kuwakamata wafalme tisa waasi, kila mmoja akiwa amesema uongo kuhusu nafsi yake. Anaeleza pia kwamba Ahuramazda alimsaidia kwa sababu yeye hakuwa mwongo wala dhalimu.

Msingi wa maelezo hayo ni mgawanyiko wa ulimwengu kati ya ukweli ulio mpangilio wa vitu vyote, arta, na uongo unaouvuruga, drauga. Herodotus anasema Waajemi waliwafunza wana wao tangu umri wa miaka mitano hadi 20 mambo matatu tu: kupanda farasi, kupiga upinde na kusema kweli. Katika Avesta, maandiko matakatifu ya dini ya Zoroaster, mna wazo linalokaribiana na hilo: mfalme halali ana utukufu wa kimungu uitwao khvarenah, na Yima, mfalme wa zama za mwanzo, alipoanza kusema uongo utukufu huo ulimtoka ukaruka kwa umbo la ndege. Ufalme, kwa imani hiyo, ni amana yenye sharti.

Tatizo la andiko la Bisitun liko katika mpangilio wa hoja yake. Darius alishinda kwa kuwa alikuwa mkweli, na ukweli wake unathibitishwa na ushindi. Waliomwasi walishindwa kwa kuwa walikuwa waongo, na uongo wao unathibitishwa na kushindwa. Hoja inajizunguka yenyewe, na aliyeshindwa hana mahali pa kusimama ili aijibu. Wanahistoria wengi wa leo wanashuku kwamba mtu aliyeuawa mwaka 522 KK alikuwa Bardiya wa kweli. Ikiwa hivyo, mwamba ulichongwa ili kuupa uongo sauti ya mbinguni.

Safari ya Cyrus ilijaa ishara za aina hiyo. Jeshi lilipofika Thapsacus, Mto Frati ulivukwa kwa miguu, maji yakiishia kifuani. Wenyeji walisema mto huo haukuwahi kuvukika hivyo bila mashua. Ilionekana ni jambo la kimungu, kwamba mto umempisha Cyrus kwa kuwa atakuwa mfalme. Baadaye Silanus, mwaguzi wa Kigiriki aliyesoma viungo vya wanyama wa kafara, alitabiri kwamba mfalme hatapigana ndani ya siku kumi. Utabiri ukatimia, na Cyrus akamlipa dariki 3,000 za dhahabu. Siku ya mapigano yenyewe Cyrus alimwambia Xenophon atangaze kwamba kafara zote zilikuwa njema. Muda mfupi baadaye alikuwa maiti.

Xenophon anataja tukio la kabla ya safari linalosaidia kuelewa ishara hizo. Alipoalikwa kujiunga na Cyrus, alimwomba shauri Socrates, naye akamwelekeza akaulize kwa mungu huko Delphi. Xenophon akaenda, lakini aliuliza atoe kafara kwa miungu gani ili asafiri na kurudi salama. Socrates alimlaumu: hakuuliza kama safari inafaa, aliuliza namna ya kuifanya baada ya kuiamua. Lawama hiyo inamhusu Cyrus kuliko inavyomhusu Xenophon. Katika simulizi yote, mbingu inaulizwa kuhusu siku, mto na ushindi. Hakuna mahali inapoulizwa kama ni halali kumuua ndugu kwa ajili ya kiti.

Siku ya mapigano

Xenophon anampa Cyrus askari 100,000 wa Asia pamoja na Wagiriki wa kukodiwa, ambao katika hesabu aliyoitaja walikuwa 10,400 wenye ngao nzito na 2,500 wenye silaha nyepesi. Kwa upande wa mfalme anataja 900,000. Ctesias anataja 400,000. Idadi hizi kubwa hazikubaliki kwa watafiti wa leo, ingawa ni wazi jeshi la mfalme lilikuwa kubwa zaidi.

Wagiriki, chini ya Clearchus wa Sparta, walipangwa kulia, ubavu wao ukilindwa na mto. Cyrus alimwamuru Clearchus aelekee katikati, alipokuwa mfalme. Clearchus alikataa kuuacha mto kwa kuogopa kuzungukwa. Wagiriki waliposonga mbele, Waajemi waliowakabili walitoroka kabla ya kufikiwa na mishale, na magari ya vita yenye miundu yalikimbia bila waendeshaji.

Cyrus, akiwa na wapanda farasi 600, alivunja kikosi cha 6,000 kilichokuwa mbele ya mfalme na kumuua kamanda wake Artagerses. Walinzi wake wakatawanyika kuwafukuza maadui. Akiwa na watu wachache alimwona kaka yake, akamrukia na kumchoma kifuani kupitia deraya, jeraha ambalo Ctesias anasema alilitibu mwenyewe. Wakati huohuo mkuki ulimpata Cyrus chini ya jicho. Alianguka, na wenzake wanane wa karibu wakafa juu ya mwili wake. Kichwa na mkono wake wa kulia vilikatwa.

Washindi wawili

Wagiriki walilala usiku huo wakijua wameshinda. Asubuhi ndipo walipopata habari kwamba Cyrus amekufa na kwamba Ariaeus, kamanda wake wa Kiajemi, amerudi nyuma. Clearchus alijibu kwa kumtumia Ariaeus ahadi: watamkalisha juu ya kiti cha enzi, kwa kuwa wanaoshinda vita ndio wenye haki ya kutawala. Baadaye kidogo wajumbe wa mfalme walifika, nao wakadai Wagiriki wasalimishe silaha kwa sababu mfalme ndiye mshindi, maana amemuua Cyrus.

Pande mbili zilitumia kanuni moja kwa matokeo yanayopingana. Ikiwa ushindi ndio haki, uwanja ule ulikuwa na haki mbili. Kila upande ulilazimika kuchagua kipimo cha ushindi, kukimbia kwa adui au kifo cha mdai, na kila mmoja ulichagua kipimo kilichoufaa. Kanuni ya mwenye nguvu mpishe hudhaniwa kuwa na faida moja, kwamba inakomesha ubishi. Cunaxa iliinyima hata faida hiyo.

Kauli ya Clearchus inakaribiana na ile ambayo Plato, katika Jamhuri, anaiweka kinywani mwa Thrasymachus, kwamba haki ni manufaa ya mwenye nguvu. Jibu lake katika uwanja wa Cunaxa halikutoka kwa mwanafalsafa. Ariaeus aliukataa ufalme. Alituma neno kwamba wapo Waajemi wengi bora kuliko yeye ambao hawatavumilia atawale.

Jibu hilo fupi lina uzito kuliko hotuba nyingi za siku zile. Ariaeus hakusema kwamba hana jeshi, wala kwamba kafara ni mbaya. Jibu lake linamaanisha kwamba ufalme unakamilika pale watu wenye hadhi ndani ya nchi wanapokubali kumwona mtu kuwa mfalme wao, na kwamba askari wa kigeni hawawezi kumpa kitu hicho. Artaxerxes alikuwa nacho. Alikuwa ametawazwa Pasargadae, katika hekalu ambako, kwa maelezo ya Plutarch, mfalme mpya alivaa vazi alilovaa Cyrus Mkuu kabla ya kutawala, akala tini zilizoshindiliwa, akatafuna mti wenye utomvu na kunywa maziwa machachu. Ibada hiyo haikumfanya awe bora kuliko mdogo wake. Ilimfanya atambulike.

Kiapo na uongo

Kipimo cha Waajemi wenyewe, ukweli dhidi ya uongo, kinaweza kutumika bila kuangalia nani alishinda. Kwa kipimo hicho Cyrus ana deni kubwa. Wakati wa kutawazwa kwa kaka yake, liwali Tissaphernes alimshitaki kwamba amepanga kumvamia hekaluni, akimleta kama shahidi kuhani aliyekuwa mwalimu wa Cyrus. Mama alimkumbatia mwanawe, akalia, na mfalme akamsamehe na kumrudisha katika jimbo lake. Haijulikani kwa hakika kama shitaka lilikuwa la kweli, lakini msamaha ulikuwa wa kweli. Cyrus aliulipa kwa kukusanya jeshi kwa siri. Aliwaambia askari kwamba wanakwenda kuwaadhibu Wapisidia. Kati ya Wagiriki, Clearchus peke yake ndiye aliyejua lengo. Wengine waliambiwa ukweli rasmi walipofika Thapsacus. Njiani baada ya hapo, Cyrus hakuona kizuizi kumhukumu Orontas, Mwajemi aliyeapa kumtumikia kisha akamsaliti, ingawa kosa la Orontas kwake lilifanana na kosa lake yeye kwa mfalme.

Upande ulioshinda haukutoka safi. Tissaphernes aliwaapia Wagiriki na kuwapa mkono wa kuume kwamba watarudi kwao salama, kisha akawaalika majemadari wao hemani na kuwakamata. Clearchus na wenzake waliuawa. Ndipo Xenophon na wengine walipochaguliwa kuwaongoza askari waliobaki kupitia milima hadi Bahari Nyeusi.

Artaxerxes pia alitaka historia iseme kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemuua Cyrus. Mithridates, kijana aliyemjeruhi Cyrus kwanza, alipewa zawadi kwa kisingizio kingine. Alipolewa na kujisifu kwamba mkono wake ndio uliofanya kazi hiyo, aliuawa kwa mateso yaliyodumu, kwa simulizi ya Ctesias, siku 17. Sababu ya ukatili huo iko ndani ya imani ya ufalme. Ikiwa vita ni hukumu ya Mungu kati ya wadai wawili, hukumu hiyo ilitakiwa ipitie mkono wa mfalme. Mkuki wa kijana tu ungeifanya ionekane bahati. Aliyetaka kuionyesha mbingu kuwa shahidi wake alilazimika kumnyamazisha shahidi wa duniani.

Baada ya ushindi

Artaxerxes II alitawala hadi mwaka 358 KK au kabla kidogo, zaidi ya miaka 40, muda mrefu kuliko mfalme mwingine yeyote wa ukoo wake. Mwaka 387 au 386 KK aliwapangia Wagiriki masharti ya amani. Katika maandishi yake ya Susa na Hamadan anamwomba Ahuramazda pamoja na Anahita na Mithra, akiwa wa kwanza katika ukoo wake kuwataja wawili hao kwa majina. Anayesoma ushindi kama hukumu angeweza kuona hapa uthibitisho. Lakini Misri ilijitenga na Uajemi mwanzoni mwa utawala wake, na jeshi kubwa lililotumwa kuirudisha mwaka 373 KK lilishindwa. Ikiwa Cunaxa inathibitisha haki ya mfalme, Misri inathibitisha haki ya Wamisri. Kanuni haiwezi kukubaliwa siku ya furaha na kukataliwa siku ya msiba.

Ndani ya jumba, Parysatis aliwaua kwa mateso waliohusika na kifo cha Cyrus, na mwishowe akamuua kwa sumu Statira, mke wa mfalme. Wana wa Artaxerxes nao waliangamizana katika kugombea urithi. Darius, mkubwa aliyeteuliwa, aliuawa kwa kula njama dhidi ya baba yake. Ndugu wengine waliondolewa. Ochus akabaki na kuwa Artaxerxes III. Mapigano ya mwaka 401 KK yalikuwa yamemwondoa mdai mmoja bila kuweka kanuni ya kuamua kati ya wadai wanaofuata.

Kisa cha Cunaxa kinatenganisha mambo matatu ambayo washindi hupenda kuyaunganisha. Ushindi unaamua nani atabaki hai na jeshi. Uhalali unatoka kwa watu wanaokubali kutawaliwa, kwa njia ya uteuzi, ibada na desturi wanazozitambua, na kwa sababu hiyo Ariaeus aliukataa ufalme uliokuwa ukitolewa bure. Haki ni kipimo cha tatu: inauliza ni nani aliyetunza kiapo na ni nani aliyesema uongo, na kwa kipimo hicho aliyeshinda na aliyeshindwa wote wana la kujibu. Dini ya Waajemi, ilipofundisha kwamba utukufu humtoka mfalme anayesema uongo, ilikuwa na kipimo hiki cha tatu tayari. Iliposomwa kinyume, kwamba aliyebaki na kiti hawezi kuwa amesema uongo, ilipoteza uwezo wa kumhukumu mfalme yeyote.